Iloweke Kamba Kwanza

Qurus, Karatu
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Rehema,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mama yangu hapo ulipo naye, kisha Rehema na Daudi, kisha mbuzi wetu kama bado wapo. Mvua imeshuka huko, au bado mnaitazama ikipita kwa jirani? Kikohozi cha Daudi kimeisha? Mimi sina homa, nakula, nalala. Mwili hauna neno. Mengine utayasoma.

Karatasi hii ni ya kufungia sukari. Nimepewa na mwenye duka pale Karatu mjini, mzee wa Kiislamu mwenye huruma, aliyeniambia, "Chukua tu, kijana. Karatasi ninazo, sukari ndiyo siioni." Kwa hiyo usishangae ikinukia bizari. Nimeandika kwa herufi kubwa, wala si kwa kukudharau. Nataka usome mwenyewe bila kumwita mtu.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ni mara ya kwanza kuona maneno yako kwa mkono wako. Barua zote za nyuma zilikuwa na mwandiko wa mwalimu wako wa kisomo, na mimi nilikuwa naona haya kukuita mpenzi nikijua ni yeye atakayelisoma neno hilo kwa sauti. Sasa nakuita mpenzi. Mwandiko wako unapanda mlima kila mstari, lakini unafika.

Neno zito nalitanguliza, maana nakujua, ukiogopa habari huanza kusoma kutoka mwisho. Usije. Usifunge mizigo. Kile chumba nilichokuandikia hakiko tena mikononi mwangu, na kazi yenyewe haipo. Najua umeshawaaga wenzako, na jembe lako umeshampa wifi yako. Mwendee umwombe akurudishie. Najua watu watasema. Waache waseme, na ukishindwa kuwaacha, wasomee barua hii yote. Sina ninachoficha tena.

Katika barua yako uliniuliza swali. Ulisema kikundi chenu cha akina mama mmepewa kipande cha ardhi karibu na bwawa, mnataka kupanda kabichi, na wenzako wamekutuma: "Muulize mumeo, si ndiye bwana bustani? Tuta moja linataka miche mingapi, na mche hadi mche iwe umbali gani?" Ukamalizia kwa maneno yako, "Mume wangu wewe unajua kupima." Nilipofika hapo niliikunja barua nikatoka nje. Nitakujibu swali lako kwanza, maana jibu la tuta na sababu ya kufukuzwa kwangu ni habari moja.

Umesema tuta lenu lina urefu wa hatua kumi. Hatua yako ya shambani ni futi tatu, niliwahi kuipima wewe hujui, kwa hiyo tuta ni futi thelathini. Upana mfanye futi tano, usizidi, ili mkono ufike katikati bila mtu kukanyaga ndani. Kabichi inataka futi moja na nusu mche hadi mche, na mstari hadi mstari vivyo hivyo. Kwa upana huo mtapata mistari mitatu, na kila ukingo utabaki na futi moja. Kwa urefu msianzie mwisho kabisa wa tuta. Ingieni ndani shibiri moja ndipo muweke mche wa kwanza, na upande wa pili vivyo hivyo. Hapo mtapata nafasi kumi na tisa. Wengi hukosea hapa. Wanahesabu nafasi kumi na tisa, wanaandaa miche kumi na tisa, halafu wanashangaa mwisho wa mstari uko mtupu. Tazama mkono wako: vidole vitano, mianya minne. Nafasi kumi na tisa ni miche ishirini. Mara tatu ni sitini. Ila mstari wa katikati usukumeni kidogo ili kila mche ukae kwenye mwanya wa wenzake, majani yapate hewa. Mstari huo utabeba kumi na tisa tu. Jumla hamsini na tisa. Kitaluni oteshani sabini, maana kumi na mmoja ni ya wadudu, jua na mbuzi wa jirani.

Hesabu hii sikuzaliwa nayo, na shule yangu unaijua iliishia wapi. Nilifundishwa na Mzee Bura.

Mzee Bura ni Mmbulu. Ndiye alikuwa mkubwa wa bustani katika shamba nililokuwa nafanya kazi, huku juu karibu na msitu wa Ngorongoro. Bustani ile inalisha hoteli iliyo juu ukingoni mwa kreta, wanakofikia wageni wa kutazama wanyama. Hoteli ikisema inataka vichwa kadhaa vya kabichi, Mzee Bura alikuwa akichuchumaa, akichora matuta chini kwa kijiti, kisha anasema idadi ya miche. Anaotesha idadi hiyo pamoja na ziada ya moja kwa kila kumi, basi. Sijawahi kuona akikosea hata kwa kiganja kimoja cha miche.

Kipimo chake kilikuwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Ilikuwa na urefu wa tuta zima, na mafundo sitini, futi moja na nusu kila fundo. Unaivuta kutoka kigingi hadi kigingi, na penye fundo unatoboa shimo. Lakini kamba ile hakuitumia kabla ya kuiloweka. Kila asubuhi aliitumbukiza kwenye debe la maji, akakaa kando yake kama mtu anayengoja ugali uive, ndipo akaitoa ikichuruzika. Huku asubuhi ni ukungu na baridi ya kukata vidole, na kushika kamba iliyolowa saa moja asubuhi si mchezo. Hata siku ya jua kali aliiloweka tu.

Sisi tulicheka. Na mimi mumeo, mwenye mdomo unaoujua, ndiye niliyeanza kusema kwamba Mzee anaibatiza kamba. Siku moja nikamuuliza mbele ya watu, "Mzee, leo umeipa jina gani?" Watu wakacheka mpaka majembe yakawaponyoka. Yeye aliitoa kamba majini akaondoka nayo. Tangu siku ile akawa anailoweka nyuma ya stoo, peke yake, na mtu akikaribia anageuza mgongo. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwa nini, na mimi ndiye niliyeufunga mlango huo.

Wakati wa kiangazi kifua kikamlaza. Meneja akaniambia, "Elia, wewe umekaa naye sana. Panda yale matuta kumi na sita." Miche ilikuwa tayari kitaluni, Mzee ameiotesha mwenyewe kabla hajaugua. Nikaenda stoo, nikaitungua kamba kwenye msumari, kavu, inakwaruza mikono. Nikaivuta kwenye tuta la kwanza. Mama Rehema, mafundo matano yakabaki nje ya tuta. Nikaenda tuta la pili, matano yakabaki nje. La tatu vivyo hivyo. Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, mzee amezeeka, hata kufunga mafundo hajui tena. Nikapanda hamsini na tano kila mstari nikaendelea. Chumba chake kilikuwa hatua hamsini kutoka pale nilipoinama. Ningeweza kwenda kumuuliza na kurudi kabla wenzangu hawajamaliza kuvuta sigara. Sikwenda. Nilikuwa naonja ukubwa.

Tulipomaliza, kitaluni ilibaki miche zaidi ya mia tano. Hebu piga hesabu: mitano kila mstari, mistari mitatu, matuta kumi na sita, ni mia mbili na arobaini, na juu yake ile ziada yote. Meneja alipopita akaiona. Unajua hali ya sasa, mwenye vipande viwili vya sabuni anavificha kama bangi, na kila ofisi inamtafuta mlanguzi wa kumtolea mfano. Akasema, "Miche mia tano ya nani hii? Anamwoteshea nani? Watu wa kwao Qurus?"

Akaagiza Mzee aletwe. Alikuja amejifunika blanketi, anashikilia ukuta. Akasema, "Miche yangu ni sawa na matuta, bwana."

"Ni sawa na imebaki yote hii?"

"Nipelekeni nikayaone matuta."

"Matuta yamejaa, mimi nimeyaona. Elia! Ulipanda kwa kamba yake?"

"Ndiyo, bwana."

"Ukafuata mafundo yake?"

"Ndiyo, bwana."

"Miche ilitosha?"

"Ilizidi."

Nilisema kweli tupu, na kweli hiyo ikamfukuza mtu. Mzee Bura alinitazama, akataka kusema kitu, kikohozi kikamkamata. Hakupelekwa kwenye matuta. Angeyaona tu yale mashimo angejua, maana jicho lake halikuhitaji kamba. Aliondoka siku ya pili juu ya trela la trekta, na blanketi lake na sufuria moja. Miche iliyobaki meneja akakataza isiguswe, eti ni ushahidi. Ikakaukia pale pale kitaluni. Mimi nikapewa kazi yake na chumba chake. Wiki hiyo hiyo nikakuandikia ile barua ya furaha, kwamba sasa tutakaa pamoja, Rehema ataanza shule huku, na njaa ya kwetu tutaisikia kwa watu.

Mvua zilipoanza nikatakiwa kupanda tena. Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Nikavuta kamba ile ile kwenye tuta la kwanza, ikalowa mikononi mwangu, na mafundo yote sitini yakaingia ndani ya tuta. La mwisho lilikaa shibiri moja kutoka ukingoni, kama alivyonifundisha. Nikadhani nimekosea tuta. Nikaiacha kamba ikauke siku mbili juu ya jiko, nikairudisha pale pale, matano yakatoka nje. Katani ikilowa hujivuta ikawa fupi, ikikauka hujinyoosha. Mzee alifunga mafundo yake kamba ikiwa imelowa, kwa sababu ya ukungu wa huku, na akawa anailoweka kila siku ili ya asubuhi na ya mchana iwe moja. Hakuibatiza. Alikuwa anaiweka sawa. Nilikaa chini kwenye tope, mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Sasa sikia aibu yangu. Nilijua, na nikanyamaza miezi miwili. Nilijiambia, waje kwanza Mama Rehema na watoto, wakishakaa nitasema. Nililala kwenye kitanda chake. Ukutani alikuwa amechora vijistari vya mkaa vya kuhesabia matuta, nikavitazama kila siku, sikuvifuta wala sikuthubutu kuongeza changu. Kisha ikaja barua yako. "Wewe unajua kupima." Kama ungenitukana ningelala.

Siku ya pili nikaenda kwa meneja nikamweleza yote. Nilichukua na kamba, nikailowesha mbele yake, nikampimia kwenye sakafu ya ofisi. Alitazama vizuri, si mtu mjinga. Akaniuliza, "Umejua lini?"

"Tangu mvua zilipoanza, bwana."

"Miezi miwili. Na chumba unakikalia."

"Ndiyo, bwana. Naomba Mzee arudishwe."

Akacheka kwa pua. "Wewe unafikiri nitaandika makao makuu kwamba nilimfukuza mtu kwa sababu ya kamba? Mlikuwa pamoja. Mmoja anazidisha miche, mwingine anapanda pungufu ili ibaki. Mkagombana, sasa unaniletea hadithi." Akanipa mpaka jioni niwe nimetoka. Kwa hiyo maneno niliyopeleka ili yamsafishe Mzee ndiyo yamekuwa ushahidi wa kutuchafua wote wawili. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi.

Nilibeba nguo zangu na kamba, maana kamba ni mali ya Mzee, nikateremka hadi Qurus. Anakaa kwa mpwa wake, dada mmoja anaitwa Fausta, mwanamke wa kazi, mumewe yuko Mbulu. Fausta alinipokea mlangoni akaniambia polepole, "Zungumza naye kidogo tu. Hafiki mavuno."

Mzee amebaki mifupa na macho. Nilipiga magoti nikamweleza kuanzia mafundo matano mpaka ofisini. Nilitegemea anitukane, au anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe Mnyaturu, niliyajua hayo siku ile ile. Nilisikia 'ilizidi' nikajua kamba imepigwa kavu."

"Mbona hukusema, Mzee?"

"Niseme nini? Kwamba kamba lazima ibatizwe?"

Nikainamisha kichwa. Kisha akauliza, "Ile miche iliyobaki, mliipanda wapi?"

"Haikupandwa, Mzee. Ilikaukia kitaluni."

"Yote?"

"Yote."

Akageukia ukuta. Mambo ya kufukuzwa, ya chumba, ya jina lake kuitwa mwizi, aliyasikia bila kupepesa jicho, lakini hilo la miche lilimshinda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama ni kikohozi. Nilikaa pale mpaka Fausta akaleta uji, naye hakuunywa.

Nilipotaka kutoka nikamwambia, ili tu nisiondoke kimya, kwamba mke wangu ameniandikia anataka kupanda kabichi na hajui kipimo. Hakugeuka. Akamwambia Fausta, "Nipe panga." Akainuka kwa kiwiko, akaichukua kamba niliyokuwa nimeiweka kando ya kitanda, akaikunja katikati, akaikata sehemu mbili juu ya mguu wa kitanda. Ilimchukua mapigo matatu, yeye aliyekuwa anaangusha mti. Akanirushia nusu moja. "Mwambie ailoweke," akasema. "Na umwambie kwa nini." Kisha akarudi kwenye ukuta wake.

Basi nimekwambia. Kamba nimeikunja kwenye mfuko wa sandarusi, anakuletea Shabani, yule Mnyiramba niliyekuwa naye kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, anarudi kwao kumzika baba yake. Mpe maji na chakula, ni mtu mwema. Ina mafundo thelathini, tuta lenu linataka ishirini. Mimi nitabaki hapa nikimlimia Fausta kwa ajili ya chakula, na Mzee akihitaji kugeuzwa kitandani namgeuza, ingawa hasemi nami. Baadaye wanasema Digodigo kuna mashamba ya mfereji yanayotaka watu, nitajaribu, barabara ikipitika. Siwezi kukuahidi siku. Unga ukipungua, usione haya, nenda kwa kaka yangu mkubwa.

Nisalimie mama yangu, umwambie sijaiba kitu. Msalimie kaka Yusufu fundi baiskeli, na shangazi anayetuchungia mbuzi, na wifi yako aliyechukua jembe. Mwalimu wa kisomo mshukuru sana kwa mkono wako. Rehema mwambie shule ya huku haipo tena, lakini herufi ni zile zile kila mahali, aanze hapo hapo. Daudi mshike kichwani kwa niaba yangu.

Mkishalima tuta, iloweke kamba mpaka izame, iache imelala majini kwa muda wa kupika uji, ndipo uivute. Wenzako watacheka, maana mimi nilicheka. Waeleze wote, mmoja mmoja, kwa nini. Na ikitokea mafundo yakabaki nje ya tuta, usiseme aliyeyafunga alikosea. Acha jembe chini, uende ukamuulize kama bado yuko.

Mimi mumeo,
Elia